Jembe la Posa Lililopanda Kilimanjaro

Mbukwenyi, jamani. Ninyi wa mnadani na ninyi wa kilabuni, salamu ni hiyo moja, sirudii. Tangu nimerudi, kila nikikaa naulizwa, "Ehe, mzee Madeje, ilikuwaje huko kwenye theluji?" Nikianza kueleza, Mbijima ananikatiza. Nikifika Babati, ng'ombe wa mtu wanaingia shambani kwa mtu, watu wote wanatawanyika na fimbo, na mimi nabaki Babati peke yangu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Shule yangu mnaijua, niliiacha pale mwalimu alipoanza kugawanya namba vipande vipande, nikaona bora mbuzi, maana mbuzi hagawanywi mpaka achinjwe. Mjukuu wangu alitaka aniandikie, nikamkatalia. Yule akiandika ananinyoosha, na mimi sijanyooka.

Mlali mpaka Area D, nilikotwishwa jembe

Lungwa ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Anakaa Dodoma mjini, Area D, kazi yake fundi majokofu. Anatengeneza baridi na kuwauzia watu. Kama angejua baridi nitakayokwenda kuikuta mimi, angebadili kazi.

Alinipigia simu nije haraka. Nikafika, nikakalishwa kwenye kochi linalozama, akasema, "Baba Mkubwa, nimepata mchumba. Anaitwa Ndeshi, ni muuguzi, kwao Marangu."

"Mchaga?"

"Mchaga."

"Ameshaonja mlenda?"

"Anaupenda, Baba Mkubwa."

Hapo nikaona jambo ni zito. Lungwa akaniambia kuna watu wa Machame nao wanamtaka Ndeshi, na mshenga wao yuko mbioni. Baba yake binti anaongoza watalii mlimani, leo yuko chini kesho yuko juu. Akishuka safari hii anayoiandaa, atawakuta watu wa Machame wamekaa uani kwake. "Baba Mkubwa, uwahi. Na usirudi bila jibu."

Basi nikawa mshenga. Akanikabidhi jembe la posa, jembe jipya lisilo na mpini, limeviringishwa kwenye kaniki. Wa zamani mnajua, ila kwa vijana nieleze. Jembe hilo mshenga anakaa nalo begani. Akikubaliwa, linapokewa. Akikataliwa, anarudi nalo, na kila anayemwona njiani anajua kilichompata. Halitui chini, halichimbi kitu, haliazimwi.

Na kuna sheria ya pili, ndiyo iliyonitesa. Kwetu mshenga haonji chakula cha watu wa binti mpaka ajibiwe. Maji ruksa, maana maji hata adui anapewa. Lakini ukila kabla ya jibu, umeshafutwa machozi, utadai nini tena? Tena mshenga hajianzishi kusema. Anangoja mwenye nyumba aulize, "Umekuja na neno gani?" Ndipo afungue kinywa.

Mbijima hapa anajua ninachosema. Alikwenda Kibakwe kumposea mpwa wake, akaandaliwa kuku mzima, akala mpaka shingo, akanawa, akachokonoa meno, ndipo akaambiwa binti alishaposwa tangu mavuno. Tangu siku hiyo jina lake Kuku. Wajukuu zake shuleni wanaitwa vifaranga, na watoto wa watu hawana kosa lolote.

Nikajiapiza mimi siitwi jina la mnyama. Nikafungasha karanga zangu na zabibu kavu, nikapanda basi.

Kondoa, Babati, na utingo asiye na adabu

Kwenye basi nilikaa na mama mmoja muuza vitunguu, mnene, mchangamfu, aliyelala begani kwangu kabla hatujavuka Kondoa. Alipoamka aliliona jembe.

"Babu, unakwenda kulima wapi mbali hivi?"

"Siendi kulima."

"Unakwenda kuuza?"

"Siuzi."

Akanitazama, akasogea kidogo, akakumbatia pochi yake. Nadhani alihisi nimetoroka mahali.

Kabla ya Babati tairi likapasuka, tena kwenye mteremko. Tukashuka wote. Utingo akahangaika kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu, mawe yote yakawa madogo. Macho yake yakatua begani kwangu.

"Mzee, lete hilo jembe tuliweke chini ya tairi."

"Hili?"

"Dakika mbili tu."

"Kijana, hili ni mke wa mtu."

Abiria wakacheka, utingo akakasirika, dereva akaanza kunibembeleza, na basi lenyewe likawa linateleza kidogo kidogo kama linalotaka kusikiliza. Yule mama wa vitunguu ndiye aliyetuokoa. Alishusha gunia lake, akalisukumiza chini ya gurudumu, akasema, "Haya, mke wa mtu asalimike." Vitunguu vya chini vilipondeka. Safari iliyobaki basi zima lilikuwa linalia machozi, na kila aliyelia alinitazama mimi. Nilimgawia yule mama karanga. Nilipomweleza kisa cha jembe, hakulala tena begani kwangu, alikuwa ananipangia maneno ya kusema nikifika.

Marangu, kwenye mtori nisiougusa

Huko Marangu ni migomba, na nyuma ya mgomba kuna mgomba. Nilitafuta jua, nikaambiwa liko juu ya majani. Mtu wa kwetu ukimkalisha pale wiki moja ataota ukungu.

Baba Ndeshi nilimkuta uani anafunga mizigo ya safari. Mtu mrefu, mkimya, viganja kama beleshi. Akaacha kazi yake. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, baba."

Akaliona jembe. Nilimwona akiliona. Akaita ndani, na mkewe akatoka na bakuli la mtori, nyama zinachungulia kwenye ndizi, moshi unapanda. Karibu, mzee wetu, karibu.

"Nimeshiba, mama. Nipatie maji tu."

Tumbo langu, mwana haramu yule, likanguruma hapo hapo kama trekta linalokataa kuwaka. Mama Ndeshi akatazama chini. Baba Ndeshi akasema, "Kula kwanza, mzee wangu. Mengine baadaye."

Nikanywa maji. Yeye hakuuliza neno, mimi sikusema. Tukaongelea mvua. Bakuli likapoa. Likaletwa la pili, nalo likapoa.

Asubuhi akawa anaondoka kupanda mlima. Akanishika mkono, nadhani kwa adabu tu, akasema, "Mimi napanda, mzee wangu. Labda twende wote?"

"Twende," nikasema.

Alibaki ameshika mkono wangu. Hakulitegemea jibu lile. Lakini kulikuwa na mgeni mmoja aliyeugua tumbo Arusha, nafasi yake imebaki. Habari za vibali na geti nazipita, zilinichosha hata nilipokuwa nimekaa. Nilivuliwa katambuga zangu, nikavishwa mabuti, soksi mbili mbili na koti linalofanana na godoro. Jembe nikalifunga mgongoni juu ya koti.

Msituni, kwa mwendo wa msiba

Safari tulikuwa Baba Ndeshi mbele, mama mmoja wa Kizungu aitwaye Helga, mwenye nywele nyeupe kama zangu, wabeba mizigo, na mpishi wao Temba, mtu mzima mwenye kitambi na mdomo. Huyo Temba ndiye aliyepewa kazi ya kunitazama.

Msitu ule unadondosha maji bila mvua, na kima wanakaa juu wanakuangalia kama wenye shamba. Kilichonishangaza ni mwendo. Mimi nimechunga ng'ombe maisha yangu yote, nikitembea natembea. Pale ukiinua mguu, Temba anakurudisha. "Taratibu, babu. Taratibu." Kwetu mwendo ule ni wa kupeleka maiti tu. Nikamuuliza, "Aliyekufa nani?" Akajibu, "Bado, babu. Ndiyo tunamzuia."

Tulipolala kibanda cha kwanza, Temba akapakua wali na nyama. Nikasema nimeshiba. Akapakua supu. Nimeshiba. Akanikazia macho.

"Umeshiba nini, babu? Hewa?"

"Nipe maji ya moto."

"Na majani ya chai?"

"Maji."

Mnaona nilipokuwa? Chakula chote cha msafara ule kilikuwa chini ya mkono wa baba wa binti. Ni sawa na kuwa jikoni kwake. Kwa hiyo nikawa najitenga kama ninayekwenda haja, nakaa nyuma ya mti, natafuna karanga na zabibu. Na niwaambieni ukweli, haikuwa mila peke yake. Mgogo akienda ugenini watu wanangoja kumwona anyooshe kiganja. Nilitaka wamwone mmoja anayekataa mara mbili.

Vibanda vya pili, nilipoulizwa habari za choo

Kule miti imekwisha, umebaki upepo na majani makavu, kidogo pakanikumbusha nyumbani mwezi wa nane, isipokuwa unatembea juu ya mawingu. Baridi yake inauma mpaka kwenye kucha. Tulikaa pale siku nzima ya kuzoea hewa.

Jioni Baba Ndeshi akatukusanya mezani, akaanza kumuuliza kila mmoja, mbele ya wote. Akaja kwangu.

"Mzee wangu, kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Umekula?"

"Nimeshiba."

"Umepata choo leo?"

Jamani! Mtu ninayetaka awe mkwe wetu! Kwetu mkwe hata kikohozi chako unakificha, huyu ananiuliza choo mbele ya mwanamke wa Kizungu! Nikainuka.

"Baba Ndeshi, mambo hayo kamuulize ng'ombe wako."

Temba akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Baba Ndeshi hakucheka. "Mzee wangu, hapa asiyekula ni mgonjwa. Ndiyo dalili ya kwanza. Kesho asubuhi usipokula, nakushusha." Akanionyesha kwa dirisha machela ya chuma, ina gurudumu moja chini kama toroli. Nikaiona safari yangu yote ikirudi chini kwenye toroli, jembe kifuani, na watu wa Machame wanapisha njia.

Temba akanielekeza kwenye jiwe ambalo ukisimama juu yake simu inapata mtandao. Nikampigia Lungwa, nikampa habari.

"Baba Mkubwa, kula!"

"Nile niitwe nani? Mbuzi?"

Nikasikia simu inanyang'anywa, ikawa sauti ya Ndeshi mwenyewe. "Shikamoo baba. Baba yangu hawezi kukuuliza neno na hujala. Kwetu mgeni mwenye njaa haulizwi shida yake, ni kama kumfukuza. Anakusubiri ule."

Nikakaa juu ya lile jiwe. Kumbe! Mimi namsubiri aniulize ndipo nile, naye ananisubiri nile ndipo aniulize. Tungeweza kuupanda mlima ule na kuushuka mpaka tuzeeke wote wawili, kila mmoja na adabu zake.

"Nimpigie nimweleze?" akauliza Ndeshi.

"Thubutu! Binti ajiposee mwenyewe kwa simu? Hiyo tutaificha wapi?"

Mtandao ukakata. Nikabaki nashikilia simu na njaa.

Helga alinikuta pale. Nadhani uso wangu ulikuwa unaongea Kizungu, maana alikaa karibu yangu, akatoa chokoleti, akanimegea. Nikapiga hesabu. Helga si mtu wa binti. Nikala. Ilikuwa tamu, nami nikamtolea karanga, tukawa tunatafuna wote, yeye anasema ya kwao, mimi nasema ya kwetu, tunaelewana vizuri kabisa. Nilipoinua macho, Baba Ndeshi amesimama mbele yetu na kikombe cha supu mkononi. Alikuwa ameniletea mwenyewe.

Alitazama maganda ya karanga kwenye miguu yangu. Alitazama karatasi ya chokoleti.

"Kumbe huumwi," akasema. "Unakula. Ila changu ndicho usichokula."

Nikafungua mdomo. Nitasema nini? Nikieleza kwa nini sili, nimeshaanza neno kabla sijaulizwa. Nikafunga mdomo. Akaimwaga supu kwenye majani, polepole, akaenda zake. Baridi yote ya mlima ule sikuisikia kama ile iliyotoka mgongoni kwake.

"Babu," akasema Temba baadaye, "umeharibu. Yule ukimtukana mama yake anaweza kusamehe. Chakula chake hapana."

Sikulala vizuri. Nilimfikiria Lungwa na majokofu yake.

Theluji

Asubuhi nikatoka nje nikarudi ndani. Nilidhani nimepofuka. Dunia yote nyeupe. Nikatoka tena. Theluji ilikuwa imeshuka mpaka kwenye njia, imelala kwenye mawe kama chumvi ya ng'ombe iliyomwagika, maghala na maghala yake, na jua likaipiga mpaka macho yakauma. Nikavishwa miwani myeusi. Niliishika kidole kimoja, haraka, kama unavyomgusa nyoka kuona kama amekufa. Ikafa yenyewe mkononi, ikawa maji. Nikamwonyesha Temba. "Ndiyo hiki tu?" Akasema, "Ndicho wanachokifuata kwa ndege, babu."

Tukaanza kutembea. Baba Ndeshi hakunishusha, maana mgonjwa si mgonjwa tena, lakini hakunitazama pia. "Taratibu" alimwambia Helga. Mimi aliniambia Temba. Theluji inalia chini ya buti, kru, kru, kama mtu anayekula karanga zangu. Moyoni nikasema, Madeje, hapa ndipo mwisho. Mtu aliyekasirika hivi haulizi neno, na watu wa Machame watakula mtori wote.

Kwenye mteremko mmoja nikaona kamba ya jembe imelegea. Nikanyoosha mkono nyuma niikaze. Jembe likachomoka, likaanguka kwa ubapa wake juu ya theluji, na badala ya kukaa likaanza kuondoka. Linateleza! Bila miguu! Linateremka linang'aa kama samaki.

"Jembeee!" nikapiga kelele, nikalifuata. Hatua ya kwanza niliichukua mwenyewe, zilizobaki zilinichukua zenyewe. Nilishuka kwa makalio, koti limejaa upepo, fimbo imekwenda huku, miwani kule, na mdomo wangu uko wazi bado unaita jembe. Nikaenda kuzama kwenye lundo la theluji chini kabisa, kichwa kwanza. Jembe nililikamata. Na mdomo ukajaa.

Baba Ndeshi alikuja mbio, yeye aliyetukataza mbio. Akanichomoa kwa kola. "Mzee wangu! Umeumia? Sema kitu!"

Siwezi kusema, mdomo umejaa. Nikatafuna. Nikameza.

Akaniacha kola. "Umemeza?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, nikameza iliyobaki. "Ilikuwa na mchanga kidogo," nikasema.

Akanitazama. Nikaona mdomo wake unatetemeka pembeni, nikadhani ni hasira. Halafu akakaa chini pale pale kwenye theluji, viganja vyake vile kwenye magoti, akacheka mpaka akavua kofia.

"Temba! Umeona?"

"Nimeona, kiongozi! Babu amekula!"

"Mzee wangu," akasema, anajifuta macho, "babu yangu aliupanda mlima huu, na baba yangu, na mimi. Hapa ni uani kwangu. Kilicho juu yake ni cha kwangu. Umekula kwangu."

Mimi nikapiga hesabu upesi. Theluji niliiona kwa macho yangu asubuhi ikiwa maji mkononi. Na maji, hata adui anapewa. Kwa upande wake nimekula, kwa upande wangu nimekunywa. Sikuona sababu ya kumweleza upande wangu.

"Nimekula," nikasema. "Nimeshiba."

Akavaa kofia yake, akakaa vizuri, sauti ikabadilika. "Haya, mzee wangu. Umekuja na neno gani?"

Jamani, maneno yangu niliyapanga tangu Area D, na yule mama wa vitunguu akayapanga upya, na hapo meno yanagongana. Nikasema hivyo hivyo. "Tumepoteza ndama kwetu Ugogoni. Tumefuata nyayo. Zimeingia zizini kwako. Kijana wetu anaomba achunge hapa kwa amani." Nikalishika jembe kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukusema tangu kule nyumbani?"

"Hukuniuliza."

"Hukula."

Tukatazamana, wazee wawili wazima, makalio yameloa.

"Ndeshi alishaniambia siku nyingi kwamba anamtaka huyo fundi majokofu," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja mtu aje ale tu." Akalipokea jembe kwa mikono miwili, akapangusa theluji kwa mkono wa koti lake. Helga, aliyekuwa juu akidhani nimekufa, alipoona tunapeana mikono akapiga makofi. Hakujua kwa nini, lakini alipiga sana.

Kushuka

Kileleni sikufika, msiniulize tena. Goti lilivimba kama papai. Waliobaki walipanda, mimi Temba akanifunga kwenye ile machela ya gurudumu moja nikashushwa, nimelala chali, natazama mawingu yakitoka chini yangu yakija juu yangu. Njia nzima Temba alikuwa ananirushia chakula, na mimi nadaka. Kwa Mama Ndeshi nilikula mtori mpaka akaanza kunitazama vingine.

Watu wa Machame walifika Baba Ndeshi aliposhuka. Mimi nilikuwapo, nimekaa uani, goti limefungwa majani. Walikuja na mshenga mzuri, amevaa suti. Hata kiti hakupewa bado, macho yake yakatua mlangoni. Jembe lilikuwa limeegemezwa pale, limeshatiwa mpini. Akaomba maji, akanywa, akaaga.

Harusi ni baada ya mavuno, na ninajua wengine mmeshaanza kuniita Theluji. Iteni. Mbijima, nawe uje, ukae meza moja na mimi. Kuku atakuwepo, na wewe usimwogope, siku hiyo hakuna anayesubiri jibu.